Tulishuka Muleba

Nikiwa na miaka tisa nilimchanja mdogo wangu karibu na kitovu kwa wembe wa kuchongea penseli. Naandika hivi hivi bila kuzungusha, kwa sababu nimezungusha kichwani miaka yote hii na jambo lenyewe halijapungua hata kidogo. Kila mtu aliyekulia kwetu ana kisa chake cha mambo ya kale. Huyu alisikia hatua nyuma yake akitoka kisimani, yule alikatazwa na bibi yake kupiga mluzi ndani ya nyumba, akapiga, yakatokea ya kutokea. Watu husimulia visa hivyo harusini na kucheka hadi wanashika mbavu. Mimi changu sijawahi kukisimulia mahali watu wanapocheka.

Mdogo wangu aliitwa Kemilembe, na sisi tulimwita Kemi. Tuliishi Kanazi, kwenye kibanja cha ukoo wa baba, migomba mbele na mibuni nyuma. Baba alikuwa visiwani, akifanya kazi kwenye kambi ya wavuvi wa sangara, na alikuja nyumbani mara moja baada ya miezi kadhaa. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya mama, mimi, Kemi na Kaaka, yaani bibi, mama yake baba.

Kemi alizaliwa na macho yaliyoinuka pembeni, shingo fupi, vidole vinene, na ulimi uliopenda kuchungulia nje. Leo najua hali ile inaitwa Down syndrome, na najua pia kwamba watoto wengi wanaozaliwa hivyo huja na moyo wenye kasoro. Wakati ule sikujua lolote. Shangazi zangu walipokuja kumwona mtoto walimgeuza huku na huku, kisha wakamwambia mama mbele yangu, "Huyu hakufanana na mtu yeyote wa kwetu." Mae! Sisi Wahaya tunasemwa kwa maringo, na shangazi zangu walikuwa mstari wa mbele. Mama alimchukua mwanawe akamfunika. Aliyejibu ni Kaaka. Aliwaambia binti zake wale, kwa Kihaya chake cha zamani, kwamba asiyemtaka mtoto huyu atoke kwenye nyumba yake, na wakatoka. Nataka hilo likumbukwe kabla sijasema mengine kuhusu Kaaka.

Katika kisa hiki Kemi ana miaka mitano. Maneno yake hayakuzidi ishirini, na aliyatumia yote kwa siku. Neno alilolipenda ni "waitu", ambalo kwetu ni la heshima, la kumwambia mkubwa. Kemi alimwambia kila mtu, na mbuzi pia. Padri alipopita nyumba kwa nyumba alimshika joho akamwambia "Waitu!" kwa sauti nzito ya mzee, na padri akacheka mpaka akavua miwani. Lakini hakuweza kutembea mbali. Kutoka mlangoni hadi mwisho wa migomba alipumzika mara mbili. Aliketi tu chini, popote, midomo ikiwa na rangi ya zambarau, akasubiri. Akichoka kusubiri aliniita, "Ve, beba." Ve ni mimi. Jina langu Verdiana, na yeye hakufika mbali zaidi ya hapo.

"Moyo wa Kemi una tundu," mama alinieleza siku moja aliyotoka naye kliniki. "Damu inapita pasipotakiwa. Ndiyo maana anachoka."

"Damu hiyo inaenda wapi?"

"Inazunguka humo humo ndani, mwanangu. Usimkimbize tu."

Jibu lile halikunituliza hata kidogo. Nilichoelewa ni kwamba mdogo wangu anavuja.

Kaaka alikuwa mtu wa kutafuna akamwani, zile kahawa zinazochemshwa na majani yenye harufu na kukaushwa, ambazo kwetu mgeni hupewa kabla hajaulizwa kilichomleta. Aliziweka kwenye kikapu kidogo, na akianza kutafuna alianza na hadithi. Aliyoirudia kuliko zote ilikuwa ya omukago, undugu wa kuchanjiana, kati ya babu na rafiki yake mmoja wa Karagwe. Walichukua tunda moja la kahawa, ambalo ndani lina punje mbili. Kila mmoja akajichanja karibu na kitovu, akaipaka punje yake damu, akampa mwenzake aimeze kutoka kiganjani. Tangu hapo damu ya huyu ilikuwa ndani ya yule. Babu alipougua, yule wa Karagwe alikuja kwa miguu bila kuitwa, akakaa kando ya kitanda mpaka babu akainuka.

"Na mmoja akimsaliti mwenzake?" nilikuwa nikiuliza, ingawa jibu nilikuwa nalo.

"Punje inavimba," alisema Kaaka. "Inavimba tumboni mpaka mtu apasuke. Hakuna wa kuidanganya."

Alisema hivyo huku akitafuna, kama anayesema mvua itanyesha kesho. Mambo yale yalikuwa yamekwisha zamani. Watu walishakuwa na simu za mkononi, padri aliyakemea, na sidhani kama kuna mtu aliyechanjiana Kanazi tangu babu yangu azikwe. Kwa Kaaka ilikuwa kumbukumbu ya mume wake. Kwangu ilikuwa maelekezo ya dawa.

Maana mimi damu nilikuwa nayo nyingi. Nililijua hilo kwa sababu kila kiangazi pua yangu ilitoka damu hadi mwalimu akanirudisha nyumbani. Mwenzangu inavuja, mimi inafurika. Mtoto wa miaka tisa akishafika hapo, nani wa kumzuia?

Ilikuwa mchana, mama ameenda mjini Bukoba, Kaaka yuko shambani anapunguza majani ya migomba. Nilimkalisha Kemi nyuma ya nyumba, pembeni ya jamvi la kahawa. Nilijichanja mimi kwanza, na iliuma kuliko nilivyodhani. Kisha nikainua gauni lake nikamchanja kidogo sana, mstari mfupi. Akatazama damu yake, akanitazama mimi, akasema, "Ve, uma." Hakulia. Alikuwa ananiamini kiasi kwamba kilichomuuma alidhani ni sehemu ya mchezo. Nikapasua tunda moja la kahawa, na nilipomletea punje yenye damu yangu kiganjani aliimeza akacheka. Yake nikaimeza mimi. Halafu nikaapa kwa ajili yetu wote wawili, maana yeye asingeweza: sitakunyima kitu, sitakuacha njiani, nikikuacha punje ivimbe.

Nilimsafisha kwa maji na jani la mgomba, nikamshusha gauni. Jioni mama alipomwogesha aliona mkwaruzo, akauliza, nikasema alianguka kwenye mabua. Siku kadhaa baadaye niliona Kemi amefika mwisho wa migomba akipumzika mara moja tu. Nilifurahi, jamani! Nilitamani nimwambie mtu.

Mwezi wa kumi na moja senene, wale panzi wa kuliwa, walishuka. Asiyekulia Kagera hataelewa maana yake. Watoto huamka na makopo, watu wazima nao husahau umri wao, kila mtu amekwenda kwenye nyasi kabla umande haujakauka na mabawa hayajapata nguvu. Asubuhi ile nilitoka na wenzangu kukimbilia rweya, lile eneo la nyasi tupu nje ya vibanja. Kemi akanifuata na kopo lake. Nilikuwa nimefika mbali nilipomsikia nyuma, "Ve! Ve! Beba!"

"Verdiana, yule wa ulimi anakuita," alisema mmoja wa wenzangu, na wote wakacheka.

Sikugeuka. Nilimsikia vizuri, na sitajitetea kwamba upepo ulikuwa mkali. Nilimsikia mara nne au tano, nikaongeza mwendo. Niliona aibu, ndiyo hiyo tu. Nilikamata senene nusu kopo. Halafu mvua ikaja, mvua ya kwetu isiyobisha hodi, na wenzangu wakakimbilia makwao. Mimi nikarudi njia niliyojia. Kemi alikuwa palepale aliponiitia, ameketi kwenye tope, gauni limegandamana na mwili, kopo tupu mkononi. Hata hakununa. "Beba," akasema. Nikambeba, na nilihisi kifua chake kikigonga mgongo wangu njia nzima.

Siku ya tatu alianza kukohoa. Kikohozi hakikuondoka. Baada ya hapo macho yalivimba asubuhi, kisha miguu, viatu vikagoma kuingia, na mwisho tumbo. Leo nimesoma, nimeuliza watu waliosomea. Mtoto mwenye moyo wa namna ile akishikwa na nimonia, moyo unazidiwa, maji yanajaa mwilini. Ni jambo linaloeleweka kabisa. Lakini wakati ule niliona tumbo la mdogo wangu likivimba, na nilijua kinachovimba ni nini.

Kilichonisumbua ni kwamba msaliti alikuwa mimi, mbona linavimba la kwake? Nilijipapasa tumbo kila siku, nikakuta limelala bapa. Nikajipa jibu kwamba kosa ni la kile kiapo. Niliapa kwa wote wawili kwa mdomo mmoja, punje hazikujua nani ni nani. Sikumwambia mtu.

Wakati huo mama alikuwa mjamzito, na mimba yake ilikuwa imefika mwisho. Hata hivyo alimpeleka Kemi hospitali mjini, akarudi na dawa za kumfanya akojoe yale maji, na barua ya rufaa kwenda Mwanza. Alitusomea mara mbili. Madaktari wa moyo wangekuwa Mwanza Jumanne na Jumatano tu ya wiki iliyofuata, kisha waondoke. Kemi apimwe moyo kwa mashine. Akionekana anafaa kupasuliwa, jina lake litaingia kwenye orodha. Mama aliiweka barua ile ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko ndani ya Biblia. Nilimwona akiufungua kila mara, anaangalia kama bado ipo.

Jumamosi alijifungua, kwa kupasuliwa. Safari ilikuwa Jumatatu. Tulikwenda kumwona wodini, yeye na kichanga chake, hawezi hata kujigeuza. Akampa Kaaka barua.

"Mama," alimwambia mkwewe, "msishuke popote mpaka Mwanza. Hata akilia."

"Nimesikia, mwanangu," alisema Kaaka.

Mimi nilipelekwa kwa sababu Kemi alikuwa hali chakula isipokuwa mkononi mwangu.

Basi lilitukuta barabarani Kanazi asubuhi. Kemi alipakatwa na Kaaka dirishani. Akamwambia konda "Waitu!" na konda akampigia saluti, abiria wakacheka, na kwa dakika chache ilikuwa kama tunakwenda matembezi. Halafu akanyamaza. Mbavu zake zilikuwa zikiingia ndani kila akivuta pumzi, na tumbo limeinua gauni. Viatu vyake vilikuwa kwenye mkoba wangu, maana miguu haikuingia. Nilimtazama hivyo kwa saa nzima hivi, mpaka nikashindwa. Nikasogeza mdomo kwenye sikio la Kaaka nikamwambia yote, kwa Kihaya, haraka haraka: wembe, punje, kiapo, senene, mvua.

Kaaka hakunipiga wala hakupiga kelele. Aliinua gauni la Kemi taratibu, akatafuta alama kwa kidole, akaipata. Kisha akaniambia niinue langu.

"Tunda lilikuwa moja?"

"Moja."

"Na wewe na huyu mmetoka tumbo moja." Hakuwa ananiuliza. "Mtoto wewe, omukago ni wa mtu na mgeni. Ndugu hachanjiani na ndugu. Umekwenda kumwambia Mungu na wazee wetu kwamba huyu si wako."

Akamshusha Kemi gauni. Leo nadhani naelewa alichokisikia. Tangu Kemi azaliwe, Kaaka alikuwa akipigana na watu wanaosema mtoto huyu si wa kwetu, na sasa mjukuu wake mwenyewe ameyasema kwa damu. Basi lilipoingia Muleba na kusimama ili abiria wanunue vitu, akainuka.

"Bibi, tiketi yako ni ya Mwanza," konda alimwambia.

"Najua."

"Basi halisubiri, Bibi."

"Liende."

Nilimshika kitenge nikamwambia, Kaaka, mama alisema tusishuke. Akainama mpaka uso wake ukawa karibu na wangu. "Wanataka kumpasua," alisema. "Daktari akimpasua na kitu hicho kimo ndani, atafia mezani. Kinatoka leo. Kesho Jumanne tunapanda basi, Jumatano tuko mbele ya madaktari. Siku ipo." Na kweli, kwa hesabu ile siku ilikuwepo. Kaaka hakuwa mjinga. Hilo huwa nalisema kwa watu wanaodhani kwamba wanaompoteza mtoto kwa njia hii ni wajinga. Alipiga hesabu, akaacha siku moja ya akiba. Alikuwa anampenda, na alikuwa na hofu.

Kaaka alizaliwa upande wa Muleba, na alimfahamu mganga mmoja tangu usichana wake. Alikuwa mzee mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi. Hakutisha hata kidogo. Alimwangalia Kemi, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli, akachemsha mizizi. Kemi akaambiwa anywe. Akakataa. Nikamnywesha mimi, kwa sababu mkono wangu aliukubali. Alitapika, mzee akachungulia ndani ya beseni, akasema haijatoka.

Jumanne alinyweshwa tena. Akatapika mpaka hakuna cha kutoka. Kaaka alikuwa ameshashika mkoba, basi limekaribia, akasema inatosha, tunakwenda. Mzee akamjibu kwa upole uleule, "Nenda. Lakini akipasuliwa na kitu hicho kimo, mimi simo." Kaaka alisimama mlangoni na mkoba mkononi kwa muda mrefu sana. Kisha akauweka chini.

Jumatano alasiri mzee alituita. Alikuwa na jani la mgomba mkononi, na juu ya jani punje ya kahawa. "Hii hapa," alisema. Kaaka akapiga magoti akalia. Mimi nikaitazama. Ilikuwa kavu. Beseni lilikuwa limejaa ute na maji ya mizizi, na punje ilikuwa kavu kabisa, safi, kama iliyotoka kikapuni. Nililiona hilo kwa macho yangu nikiwa na miaka tisa, na sikusema kitu, kwa sababu nilikuwa nimefurahi mno. Kemi alikuwa amelala ubavu kwenye mkeka, mdomo wazi. Nilimwambia sikioni, imetoka Kemi, imetoka.

Alhamisi tukapanda basi. Njia nzima hakusema neno. Kule kwenye kivuko niliwanyooshea kidole ndege wa majini ili atazame, akatazama kidole changu. Tulifika hospitali ya Mwanza saa kumi na moja jioni. Nesi wa mapokezi alisoma barua, akatazama kalenda ukutani, akamtazama Kaaka.

"Bibi, mlikuwa wapi? Madaktari wameondoka leo asubuhi."

Kaaka Kiswahili chake kilikuwa kidogo, na hayo yalimpita. Akanigeukia nimwambie mama huyu anasema nini. Kwa hiyo mimi ndiye niliyemwambia, kwa Kihaya, nikiwa nimeshika viatu vya Kemi. Alisikiliza, akakubali kwa kichwa, kama hajanielewa vizuri. Kisha akasema, "Mwambie tumeshaitoa."

Sikutafsiri. Nesi alisubiri, akauliza, "Bibi anasemaje?" Nikasema, "Anasema asante."

Walimlaza. Walimwekea oksijeni na dripu. Daktari kijana akauliza alikuwa anapewa nini, mbona amekauka namna hii na huku amevimba. Kaaka alisema uji. Wale wa moyo wangerudi baada ya miezi sita, akatuambia, tumtunze mpaka hapo. Kemi hakungoja miezi sita. Alikaa siku nne. Ijumaa alimwambia nesi "waitu" kwa sauti ndogo, na nesi, aliyekuwa Mhaya, akatoka nje akafuta macho. Jumapili aliniambia "beba", nikakatazwa kwa sababu ya mipira ya oksijeni. Jumatatu asubuhi, wakati chai inagawiwa wodini, alikata roho. Nilikuwa nimeshika kijiko cha uji.

Nesi alimpigia mama simu, namba ilikuwa kwenye kadi. Sikusikia mama alisema nini. Nilimsikia nesi tu, "Pole mama, pole mama, pole," mpaka simu ikakatika.

Tuliporudi na mwili, tukiwa tumekaribia nyumbani, Kaaka aliongea nami kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mapokezi. Alisema, "Basi liliharibika Muleba. Walisubiri kifaa siku tatu." Akanitazama mpaka nikasema ndiyo. Msibani mama alikuwa ameketi na kichanga, mshono wake haujapona. Kaaka akamweleza habari za basi. Mama akanigeukia.

"Vedi, liliharibika?"

"Ndiyo, mama."

Wanawake wote wakaanza kulilaani basi lile, dereva na mwenye nalo. Hadi leo mama hapandi mabasi ya kampuni ile, na akimwona mtu anayapanda humwonya. Mabasi yale hayana kosa lolote. Nimeona aibu kwa niaba yake mara nyingi, kisha nikakumbuka aibu ni ya nani.

Kaaka aliishi miaka minne baada ya hapo. Hakutafuna tena akamwani, na hadithi ya babu na mtu wa Karagwe hatukuisikia tena. Sijui kama alidanganya kunificha mimi au kujificha yeye. Alipokuwa mgonjwa wa mwisho nilitaka kumwuliza, nikakaa kando yake siku nzima, nikashindwa.

Sasa mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Ijuganyondo. Nilipokuwa na mimba ya kwanza nilipata nafasi ya kuongea na daktari, nikamwuliza kana kwamba naulizia mtoto wa jirani. Mtoto wa miaka mitano, Down syndrome, tundu kubwa kwenye moyo, midomo ya zambarau, angepona kama angefika siku ile? Daktari akafikiri. Akasema inategemea. Kwa umri ule pengine mapafu yalikuwa yameshaharibika, wangempima na kumrudisha nyumbani na dawa, watoto hawa hutakiwa kupasuliwa mapema, wangali wachanga. Au pengine la, wapo waliofika wakiwa wakubwa hivyo wakapasuliwa wakaishi. "Bila kipimo, mwalimu, hakuna anayeweza kujua." Nilimshukuru. Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi la wagonjwa. Nilikuwa nimeenda kutafuta jibu lolote, hata la kunihukumu. Angesema nimemuua ningelia, angesema alikuwa wa kufa tu ningelia, lakini ningekuwa na kitu cha kulilia. Kipimo chenyewe ndicho tulichokikosa, na madaktari wale hawakumwona. Kwa hiyo nitaishi hivi.

Mwaka jana nilimwambia mama. Alikuwa jikoni Kanazi anamenya ndizi, mimi nimekaa kwenye kigoda kando yake. Nilianza na wembe nikamaliza na basi. Hakuacha kumenya. Nilipomaliza akauliza swali moja.

"Zile wiki zote anavimba, mimi nikiwa humu humu ndani na nyinyi, ulikuwa unalijua hili?"

"Ndiyo, mama."

"Ungeniambia mimi."

Mpaka leo hajaligusia tena. Na kweli, ningemwambia yeye ingekuwaje? Angenieleza kahawa ni kahawa, angeniosha uso, angenituma nikalete kuni. Wala tusingeshuka. Nimejiuliza kwa nini sikumwambia, nikatafuta sababu kubwa inayolingana na kilichotokea, kwamba ni kiapo, ni mila, ni hofu ya wazee wa zamani. Hakuna. Mama alikuwa na fimbo yake nyuma ya mlango, na nilikuwa nimemchana mtoto wake kwa wembe. Niliogopa kuchapwa. Nilimwambia Kaaka kwa sababu Kaaka alikuwa hachapi.